Joto Litangulie

Ashukuriwe Mungu, atupaye pumzi na kuichukua kwa wakati wake. Jumapili, tukitoka ibadani, nilipata habari kwamba amefariki mama mmoja aliyekuwa akiandika programu za kompyuta hapa Kisangani. Wengi wenu hamkumjua. Mimi nilimjua siku ya aibu yangu.

Nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya kituo kimoja cha afya kule Lubunga, ng’ambo ya mto. Friji yetu ya chanjo ilikuwa na kengele inayoongozwa na kompyuta ndogo: joto likishuka chini ya nyuzi mbili au likipita nane, ilie. Asubuhi moja tulikuta mlango haukufungwa vizuri, nyuzi kumi na moja, kengele kimya. Chanjo zote zikatupwa. Chanjo nyingine zilipovushwa mto kwa pirogi, mtumbwi wa kwetu, ndani ya sanduku la barafu, muuguzi wetu alikataa kuziweka katika friji yenye kengele bubu. Barafu ilikuwa ikiyeyuka, na akina mama na watoto wao walijaa kwenye mabenchi. Mafundi wawili walikwisha kuisoma programu ile wakasema ni nzima.

Yule mama, tuliyemwita mwisho, hakubishana nao. Mwandishi wa kwanza wa programu alikuwa ametanguliza namba: kama mbili inazidi joto, na nane inazidiwa na joto. Aligeuza kila ulinganisho ili joto litangulie, kisha akamwita muuguzi, asiyejua programu hata kidogo, akamsomea. Ndiyo ilikuwa desturi yake: sharti ambalo mtu wa kawaida halielewi akilisikia, kwake lilikuwa bado halijaandikwa.

“Kama joto iko chini ya mbili, na tena joto iko juu ya nane, piga kengele.”

Muuguzi hakuachia sanduku lake. “Soma tena, mama, polepole.” Akasoma. “Alors, frigo moja itakuwa baridi na moto wakati moja? Hiyo kengele italia siku ya kiyama.”

Mama aliandika “au” mahali pa “na”, akachovya kipimajoto cha friji katika maji ya uvuguvugu, tukangoja. Kengele ikalia, na muuguzi akafungua sanduku, akaziingiza chanjo kwenye friji. Vipande vya barafu vilivyobaki vingeenea kiganjani.

“Papa,” aliniambia, “kosa haikujificha. Tulikuwa tunaiangalia kichwa chini.”

Sikumwambia kwamba aliyeipokea programu ile ilipoandikwa mara ya kwanza, na kuitia sahihi, ni mimi. Wakati ule niliona haya kuomba nisomewe. Tangu hapo, hata tangazo la kanisa namsomea mtu kwanza kabla ya kulitoa.

Msomaji wangu, Mungu akupe mtu wa kukuambia “soma tena, polepole”, na akupe moyo wa kusoma tena.