Mabikira wa maabara wamekutwa na watoto: yaliyotukuta Kigali na nzi wa matunda

Wakuu, wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Niko Kigali kimasomo. Hili ninaloleta nimeliona kwa macho yangu, sijasimuliwa na mtu. Atakayeniita muongo ruksa, ila asome kwanza.

Mnavijua vile vijinzi vinavyorukaruka juu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi? Basi ndivyo tunavyofuga. Msicheke. Hata mama yangu kule Singida aliniuliza, "Mwanangu, umevuka mpaka kwenda kufuga nzi?"

Mwenzangu maabara ni Claudine, Mnyarwanda aliyekulia Karagwe, Kiswahili chake kinanishinda mimi. Yeye anasoma utumbo wa hao nzi. Mle ndani kuna seli shina, zile zinazozalisha seli mpya za zamani zikichakaa. Alitaka kuonyesha kwamba kuna homoni inayoziamrisha zigawanyike, utumbo ukue.

Majike bikira kundi moja wanalishwa homoni, kundi la pili chakula kitupu. Wa kwanza utumbo unenepe, wa pili ubaki mwembamba. Basi.

Kwa nini bikira? Jike akishapandwa tu, mwili wake wenyewe unamwaga homoni hiyo na utumbo unatanuka, maana mayai yanataka chakula. Kwa hiyo wakitoka kwenye maganda yao alfajiri, unawatenga na madume mapema. Ukichelewa hadi mchana imekula kwako.

Matokeo yakatoka. Aisee! Makundi yote mawili utumbo mnene, hakuna tofauti.

Prof wetu akachungulia hadubini, akavua miwani. "Claudine, homoni yako haifanyi kitu. Badilisha mada."

Wakuu, ufadhili wake unaisha muhula huu. Kubadilisha mada maana yake anarudi nyumbani bila shahada, na ana mtoto mdogo anamtegemea. Jioni tulikaa Gisimenti, mtaa wa nyama choma na vinywaji, mishikaki imepoa mezani, dada wa watu analia kimya kimya. Watu wa hapa kulia hadharani si kawaida yao, ukiona hivyo jua yamemfika shingoni. Nikamwambia "ihangane", ndiyo pole pekee ya Kinyarwanda ninayoijua. Ndiyo kwanza akazidi.

Siku chache baadaye naosha chupa za zamani. Nikashika moja ina lebo BIKIRA, naona vitu vinatambaa.

Mabuu! Wamenona, wanapanda kioo bila wasiwasi.

Jike bikira anaweza kutaga, sawa, lakini mayai yake hayaanguliwi. Hawa mabikira wetu walikuwa wameshaolewa kitambo!

Nikamwita Claudine. Akatazama, akajishika mdomo. "Mana yanjye, Mungu wangu! Chupa hizi zote ni za Jumamosi ya umuganda."

Nikageuza ndoo, nikakaa juu yake.

Kwa msiojua, Jumamosi ya mwisho wa mwezi huku kila mtaa unatoka kufanya kazi za jamii, kufyeka, kuzibua mitaro. Asubuhi hiyo mabasi hayatembei. Mimi nakaa Remera, yeye Kicukiro, tusingefika maabara. Prof anaishi jirani na pale, akasema, "Musihangaike, mimi nitapita kabla ya umuganda, nitawatenga." Tukamshukuru sana.

Basi alichelewa! Yaani homoni haikushindwa kazi. Nzi wote walikuwa nayo tayari mwilini!

Damu ikanichemka, nataka twende tukamwambie palepale. Claudine akanishika mkono.

"Wewe utarudi Tanzania, mimi nabaki. Mkubwa haambiwi hivyo."

"Sasa utanyamaza na shahada inaondoka?"

Akachukua chupa, akaenda ofisini kwa Prof, nami nyuma yake. Akaiweka mezani, akarudi nyuma kidogo, akasimama. Neno hata moja hakusema.

"Hii iko nini?" Prof akauliza. Akaiinua, akasoma lebo, akaona mabuu. Nikaona uso unambadilika. Wakuu, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Hatimaye akasema taratibu, "Waliniita mapema kwenye umuganda. Halafu kukawa na mkutano. Niliingia maabara mchana. Nikajisemea, masaa machache si kitu."

Akamvutia Claudine kiti. Tangu tuanze masomo sijawahi kuona mwanafunzi amekaa ofisi ile.

"Mada yako iko palepale. Ni mimi niliyeharibu. Kwenye kamati nitasema hivyo kwa mdomo wangu."

Claudine akasema "murakoze", asante basi, akatoka. Kule korido alicheka na kulia kwa pamoja, akaniachia shati limelowa.

Tumerudia yote, safari hii Claudine kawatenga mwenyewe. Wa homoni utumbo umenona, mabikira wa kweli utumbo mwembamba kama uzi. Prof alivyoona alitupigia makofi, na kamatini alitimiza ahadi. Mimi nilikuwepo, bado sijaamini.

Nilichojifunza: kabla hujamwambia mtu kazi yake ni bure, jiulize kwanza ni mikono ya nani imepita hapo, na yako ihesabu.

Sasa semeni ukweli, bosi wako angekuharibia hivi ungeingia ofisini kwa makelele, au ungeweka chupa mezani ukanyamaza? Mimi ningepiga makelele, na leo hii Claudine angekuwa amesharudi nyumbani bila shahada.