Mama Aliyelia Kwenye Insha

Sisi tuliokua tukiazimana vitabu vilivyong'oka majalada tunazijua zile hadithi za wanaume wa kazi: wa reli, wa bandarini, wa machimboni. Mwanamume alitokwa jasho kurasa mia mbili. Mwanamke alikuwa na kazi tatu tu: kungoja mlangoni, kulia, au kumpotosha shujaa kilabuni. Tulimeza yote. Siku hizi kijana akisoma kurasa mbili anadai macho yanamuuma, ilhali sisi tulisoma hata gazeti lililofungiwa mandazi.

Wazazi wangu walitengeneza majiko kando ya reli, mtaani Laini Saba. Baba alikata mabati, Mama akagonga. Nikitoka shule nilimkuta ameketi juu ya gogo, leso kiunoni, vumbi la kutu hadi kwenye nyusi. Majirani waliotoka kwetu Magharibi walimtania Baba kwamba alilipa mahari ya fundi.

Nikiwa darasa la saba, mwalimu alitupa insha: "Mfanyakazi Hodari." Nilianza na jogoo kuwika, kama ilivyokuwa ada, ingawa ploti yetu haikuwa na jogoo. Baba nikampa misuli na nyundo. Mama nikamweka mlangoni, ameshika tama, machozi yakimtiririka njia mbili mbili. Nilipata alama za juu kuliko wote.

Baba aliwasomea wateja insha hiyo kwa sauti ya mhubiri. Mama akaacha kugonga.

"Huyu mama analia ni nani?"

"Ni wewe, Mama."

"Nalilia nini?"

Kwenye vile vitabu hakuna aliyewahi kuuliza.

"Na hizi jiko zilijigonga?"

Wateja wakacheka, Baba akawashinda kwa kucheka. Mama hakucheka. "Andika ingine, Nafula. Niweke na nyundo."

Nilikataa. Nikamwambia kwamba mwalimu ameshapeana maksi. Mama akainama, akaendelea na kazi, na aibu ya jibu lile ninayo hadi leo.

Sasa naishi mtaa wa Satellite, na Mama tulishamzika. Watoto wangu hawawezi kuigusa chapati kabla hawajaipiga picha, nami huwacheka sana. Majuzi binti yangu aliniomba picha ya nyanyake akiwa kazini. Nilipekua masanduku yote. Nilichopata ni ile insha, na humo Mama bado analia.