Ngoja, Nakuja

Kazi yangu ni kununua milango na madirisha ya nyumba zinazobomolewa, kisha kuyauza tena. Siri ya kazi hii ni kunyamaza. Mwenye mali akitaja bei, nakaa juu ya ndoo, natazama pembeni. Niliwahi kukaa tangu asubuhi hadi adhuhuri kwa ajili ya mlango mmoja wa mbao ngumu, mpaka mwenyewe akachoka akaniuliza, "Haya, sema wewe unatoa ngapi." Kwa hiyo sitajitetea kwamba sikujaliwa subira. Ninayo, ila niliimaliza yote kwa wateja.

Dada yangu mkubwa, fundi cherehani, ndiye aliyenilea. Goti lilipoanza kumsumbua, nikawa nampitia kwake asubuhi na pikapu yangu, nimpeleke kibandani kwake ng'ambo ya daraja. Kila siku, mkono ukiwa tayari kwenye mlango wa gari, alisema, "Ngoja, nakuja," akarudi ndani. Alirudi kuigusa pasi, aone kama imepoa. Kovu la pasi ninalo pajani. Nilikuwa na miaka mitatu, naye alikuwa ametoka kidogo tu kuchota maji. Hatujawahi kulizungumza.

Sasa, tangu daraja lianze kutengenezwa, upande mmoja tu ndio unaopitika. Ukichelewa kidogo, foleni inakula saa nzima. Mshika bendera anayeruhusu magari tulimwita Mheshimiwa. Siku moja nilimuuliza:

"Mheshimiwa, tutavuka leo au tujenge hapa hapa?"

"Jenga, mjomba. Milango si unayo?"

Foleni nzima ikacheka. Mimi nikapiga honi.

Jumatatu moja dada akasema, "Nakuja." Nikahesabu hadi mia, nikatia gia nikaondoka. Nilipofika darajani, bendera nyekundu ilikuwa imeshapanda. Sikuokoa hata dakika moja.

Jioni nikamfuata kwenye kibanda chake cha kushonea. Alikuwa anakunja kitambaa.

"Dada, asubuhi nilikuwa na haraka."

"Najua, mdogo wangu. Ndiyo maana kesho usinipitie. Nitatoka mapema, nijikongoje taratibu."

"Na goti je?"

"Goti ni langu."

Nikanyamaza, nikakaa juu ya kigoda, nikatazama pembeni, nikingoja apunguze. Hakupunguza. Alimaliza kukunja kile kitambaa, akachukua kingine. Nilikuwa nimesahau kunyamaza nilijifunzia kwa nani.

Siku hizi honi siigusi. Bendera nyekundu ikipanda nazima injini, nakaa, mpaka Mheshimiwa ameniuliza kama naumwa. Dada hupita kando ya magari kwa miguu, mfuko wa vitambaa begani, mkono mmoja kwenye chuma cha daraja. Huwa nashusha kioo.

"Dada, panda twende."

"Ngoja, nakuja," husema, huku anakwenda zake.