Besi ya Mninga

Nyumba ya babu kule Tura ilipobomolewa, baba aliokoa mlango wake wa mninga pamoja na miimo, zile nguzo mbili za fremu, akavisafirisha kwa treni mpaka kwake mjini, mtaa wa Gongoni. Mimi ni seremala kama yeye alivyokuwa, nina karakana yangu mtaa wa Ng'ambo, na mninga uliokauka namna ile siku hizi huupati. Niliuomba ule mlango mara nyingi. Kila mara alinijibu, "Kazi yake bado."

Mwaka jana mdogo wangu wa kike, mwalimu, ambaye hupiga gita la besi kwenye kwaya ya kanisani, alifika kwa baba na gita lililovunjika shingo. Nyuzi, funguo za kuzikazia na vifaa vya umeme vilikuwa vizima. Akauliza kama mninga unafaa kutengenezea gita. Baba hakufikiri mara mbili. Alinyanyuka, akautoa mlango stoo, akaulaza juu ya meza ya kazi.

"Chukua huu," alisema.

Nilikuwepo, nimeshika kikombe cha chai. Nilikitua chini kabla sijakimaliza.

Tangu hapo nikawa napitia Gongoni kila nikifunga karakana. Nilisema nakwenda kumjulia hali baba, lakini nilikwenda kutazama. Aliponifundisha mimi, baba alikuwa akisema "tazama" mara moja tu, kisha anaendelea na kazi yake. Sasa alisimama nyuma ya binti yake, viganja vyake juu ya vya binti, wakisukuma randa pamoja. Alikuwa akicheka. Alimweleza kwa Kinyamwezi mambo ya mbao ambayo mimi niliyajua kwa kuharibu. Nilirudi nyumbani sina hamu ya kula, mke wangu akaniuliza kama kuna msiba.

Siku moja niliwaambia kwamba shingo waliyochonga itapinda, maana ubao waliukata mshazari.

"Umekuja kutukagua?" baba aliuliza bila kuinua macho.

Walipokaza nyuzi, shingo ikapinda kama upinde. Dada alikuja karakana peke yake.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Imepinda. Ulisema."

Nilifurahi, siwezi kusema vinginevyo. Nilifurahi mpaka nilipoona macho yake yamevimba. Nikamwambia aniletee miimo ya ule mlango.

Baba aliileta mwenyewe, ameifunga kwenye baiskeli. Akakaa kwenye benchi akinitazama. Nilipasua mwimo mmoja vipande vitatu, nikageuza cha katikati ili kikivuta huku, vya pembeni vivute kule na shingo ibaki imenyooka, kisha nikavibana kwa gundi.

"Hii nani alikufundisha?" aliuliza.

"Hakuna. Niliijua vitanda vilipokuwa vinarudishwa na wateja."

Alipapasa vile vipande. "Ule mlango ulikuwa unautakia nini?"

Hakuwahi kuniuliza. "Nilitaka tuufanyie kazi pamoja, mimi na wewe."

"Hukusema," alijibu. "Na wewe nilikuona unajiweza."

Niliendelea kufuta gundi iliyovuja.

Jumapili gita lilipopigwa, sauti ilitoka nzito na safi, hata akina mama wa viti vya mbele wakageuka kuitazama spika. Baada ya ibada watu walimzunguka baba. Dada aliwaambia, "Shingo ni kazi ya kaka," wakanipa mkono na mimi. Lakini baba alikuwa ameshika gita, akimwonyesha rafiki yake mahali kitasa cha mlango kilipokuwa, dada kamwegemea bega. Nikatoka kwenda kutafuta pikipiki yangu.

Kesho yake asubuhi baba alitokea karakana amevaa nguo za kazi. Hakusema amefuata nini. Nilikuwa na ubao wa kitanda mezani; akaushika upande wa pili ili nirande bila kuhangaika. Alishika vizuri, kwa mikono ya fundi, na mpaka adhana ya adhuhuri akawa ananisimulia habari za gita la dada.