Farasi Aliyekataa Maji

Jina la Chumvi alibandikwa na wenzake wa bandani kwa sababu ya ulimi wake. Kila farasi aliporudi kutoka mazoezini, yeye alipitisha kidole shingoni mwa mnyama, akaonja jasho, ndipo akaamua ni vijiko vingapi vya chumvi vitiwe kwenye ndoo.

"Mchuzi umekolea?" walimtania.

"Kuliko wa mkeo," alijibu. Kwa miaka ishirini na miwili joto halikumwulia farasi hata mmoja.

Siku ya mashindano ya masafa marefu, farasi jike mwekundu aliingia kituo cha mapumziko akiyumba. Jasho lilikuwa limemkaukia mwilini, likaacha unga mweupe. Chumvi alimfinya ngozi ya shingo. Ilibaki imesimama kama hema. Ubavu ulikuwa ukiruka kila moyo ulipodunda. Alimsogezea ndoo, naye akageuza kichwa.

Mkufunzi, aliyemwoa dada yake Chumvi, alicheka. "Unaona, shemeji? Hana kiu. Mpandaji, juu! Umebaki mzunguko mmoja."

"Hasikii kiu kwa sababu chumvi yote imemtoka. Ukimkimbiza, anakufa."

"Ondoka njiani."

"Siondoki."

Mjeledi ulimchana Chumvi kutoka sikioni hadi kidevuni. Wa pili ulimwangukia farasi usoni. Mnyama akapiga magoti, akaanguka kwa ubavu, miguu ikikakamaa. Ukwato mmoja ukavunja ubao wa uzio. Mkufunzi, badala ya kurudi nyuma, alianza kumpiga mateke ya tumbo. "Inuka! Inuka, mvivu we!"

Hapo Chumvi, mtu ambaye hakuwahi kugombana hata na nzi, alimrukia. Kiwiko cha mkufunzi kikamng'oa jino. Akalitema, akamkaba shingo, akampigiza kichwa kwenye nguzo mara mbili, kisha akamzamisha uso katika ndoo ile ile.

"Kunywa basi wewe, shemeji! Si huna kiu?"

Watu wanne ndio waliowatenganisha. Mkufunzi alikuwa akikohoa maji na damu. "Huna kazi! Na dada yako nitamwambia!"

"Mwambie. Na hili jino mpelekee."

Daktari wa mifugo, mama mmoja asiyependa maneno, aliwasukuma wote kando akamchoma farasi sindano kwenye mshipa wa shingo. Chupa ya kwanza ya maji ya dawa iliisha, ya tano ikaisha. Chumvi alizishika juu, jicho limevimba. Baada ya ile ya tisa, farasi alijikunja, akasimama, akakojoa mkojo mweusi kama kahawa. Mwingine ulipotoka ulikuwa wa manjano, na daktari kwa mara ya kwanza akatabasamu.

Jua likielekea kuzama, farasi aliinamisha kichwa mwenyewe, akanywa kwa mikupuo mirefu. Chumvi, ambaye kesho hakuwa na pa kwenda, alichukua kitana, akachambua matope yaliyoganda mkiani, fundo baada ya fundo, hadi la mwisho likafunguka.