Mkono Uliokosa Nambari

Mjukuu wangu Nabiha hushinda na mikono ya buibui imeshuka mpaka vidoleni, hata jua likichoma vipi. Majirani zetu hapa Mji wa Kale, nyuma ya Ndia Kuu, wanasema siku hizi ameshika dini sana. Dini alikuwa nayo tangu zamani. Anaficha kovu, na mimi nikilikumbuka lile kovu chakula hakinishuki.

Wacha nieleze alivyo, maana watu wamemsema wasivyomjua. Mamake yuko Maskati, anafanya kazi, na alinitilia huyu mtoto mkononi angali mdogo. Wenziwe wakicheza, yeye alikuwa akifungua pangaboi yangu. Ikakaa sakafuni vipande vipande mchana kutwa, na joto lile la kaskazi. Nilimchapa. Ilipofika magharibi pangaboi ikazunguka, na ule mlio wake wa kukwaruza haukusikika tena. Sikumwambia ahsante. Alikuwa ameshachapwa, sasa ahsante ya nini?

Alipomaliza skuli akasomea ufundi wa injini kule Tudor, kisha akapata kazi Mbaraki kwenye karakana ya majenereta. Hapo ndipo alipojuana na Mzee Kaingu, aliyekuwa fundi wa ndege katika jeshi la anga mpaka akastaafu. Siku moja akarudi nyumbani, mikono inanuka dizeli, akaniambia, "Nyanya, nataka kuingia jeshini. Jeshi la anga."

"Kurusha ndege?"

"Kuzitengeneza."

Mwanangu Athmani alikuwa amekaa pale pale anakunywa kahawa. Akacheka hata ikamwagika. "Mtoto wa kike wa Mji wa Kale akavae suruali, apigishwe kwata na wanaume? Nani atamuoa?"

"Wewe umeoa," nikamwambia, "na sisi tumepata faida gani?"

Mimi mwenyewe sikutaka aende. Lakini Athmani alipokataa, nikataka. Mtu akinizibia ndia, ndiyo hiyo nitakayopita.

Nikamfuata Kaingu mpaka karakanani. Nikamuuliza, mtoto akienda huko atafanywa nini.

"Mama, kwanza ndege hataziona," akasema. "Kwanza ni vumbi. Miezi ya mwanzo, wote ni askari tu. Wanaamshwa kungali kiza, wanakimbizwa na mizigo, wanafunzwa bunduki, wanatandika kitanda hata nzi akitua ateleze. Simu zinachukuliwa. Wanaume wazima nimewaona wakilia wanataka mama zao. Akivuka hapo ndipo anapelekwa kufunzwa kazi. Huyu injini, yule umeme, mwingine kukunja miavuli."

"Miavuli ya mvua?"

"Ya kurukia kutoka ndegeni. Ukiikunja vibaya, hakuna atakayerudi kukulaumu."

Akanieleza na namna wanavyochaguliwa. Ni siku moja tu, uwanjani, mbele ya watu. Cheti cha ufundi unacho, lakini mwili ndio unaopimwa kwanza: mbio, urefu, meno, macho, nyayo, ngozi. Anayepita huandikwa nambari mkononi kwa wino mzito. Asiye na nambari hurudi kwao. Na kwa umri wa Nabiha, akasema, zimebaki nafasi mbili tu, ya mwaka huu na ya mwakani.

Basi Nabiha akaanza kukimbia kila alfajiri. Mtoto wa kike hakimbii peke yake ndiani, kwa hivyo nikawa napanda tuktuk nyuma yake, polepole, nimejifunga leso yangu. Dereva akaniuliza, "Bi Maisara, tunamkimbiza mwizi?" Nikamwambia atazame mbele.

Tangazo la jeshi likatoka redioni. Siku yenyewe ikaangukia juma lile lile la arusi ya Swafia, mwana wa Athmani. Nyumba ikajaa jamaa na harufu ya asumini, na alasiri moja akaja Mwanakuu, mpakaji hina, kuwapaka wasichana wote. Nabiha akasema yeye hapakwi, mikono yake anaiwekea ile nambari.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Shangazi mmoja wa upande wa mkewe Athmani akasema, akijifanya ananong'ona, "Mikono mitupu arusini? Huyo amefiwa, au anamwonea kijicho bibi arusi?" Wakacheka. Kwetu mwanamke asiyepaka hina ni mwenye eda, na msichana anayekaa mikono mitupu kwenye arusi ya binamu yake huwa amewapa watu la kusema mwaka mzima. Mimi sikubali mjukuu wangu achekwe chini ya dari langu.

"Mpake," nikamwambia Mwanakuu. "Lakini hina. Piko, ile rangi nyeusi ya dukani, sitaki."

"Hina tupu, Bi Maisara, wallahi. Hii ya kisasa inakoza upesi."

Ilikuwa nyeusi kama masizi. Nabiha akainusa. "Nyanya, hii inanuka dawa."

"Mwanangu, usimharibie mtu kazi yake. Hina ni jani, haijamdhuru mtu."

Akanyoosha mikono yake. Mwanakuu akamchora maua tangu vidoleni mpaka karibu na kiwiko, na maua yalikuwa mazuri, hilo siwezi kulikana.

Kesho yake mikono ikamwasha. Kesho kutwa kila ua likawa limefura lengelenge, jani kwa jani, kama kwamba limechorwa kwa maji ya moto. Akajipaka mafuta ya nazi, akashusha mikono ya buibui. Siku ya uwanja ikafika.

Ilikuwa kwenye kiwanja cha skuli moja upande wa Tudor. Sisi tuliowasindikiza tuliwekwa nyuma ya kamba. Nikamwona akikimbia, na sisemi kwa kuwa ni wangu, wasichana waliomtangulia hawakuzidi watatu. Akapimwa urefu, akapita. Meno, akapita. Akavua viatu, wakatazama nyayo zake mbele na nyuma kama watu wanunuao mbuzi, akapita. Kisha akafika kwa askari wa kike aliyeshika kalamu. Askari akamshika mkono, akapandisha nguo atafute pa kuandika. Akaona malengelenge. Akamwita daktari.

Mimi nikapita chini ya kamba.

"Mama, rudi nyuma," akaniambia yule askari.

"Hiyo ni hina tu, mwanangu. Ni ya arusi."

"Najua ni ya arusi. Lakini hivi ni vidonda. Akipelekwa kwenye vumbi na jasho la kwata na ngozi iliyo wazi hivi, mkono utaoza. Daktari hawezi kumpitisha."

"Muandike mkono wa pili."

"Wa pili nao una maua, mama."

"Basi muandike shingoni."

Akajiuma mdomo asicheke. "Tatizo si pa kuandika. Akapone. Aje mwakani."

Alikuwa akinena kwa adabu, na hiyo ndiyo iliyonitia uchungu zaidi. Angekuwa jeuri ningejua la kumwambia. Nabiha akavaa viatu vyake, akafunga kamba zake kwa utaratibu kabisa, akasema, "Nyanya, twende."

Sikuenda nyumbani. Nikashukia kwa Mwanakuu. Nikamkuta barazani anachekecha unga wa hina.

"Hina yako imemla mtoto wangu mikono."

"Mbona wengine hawakuvimba? Ni ngozi yake. Nilitia rangi ya nywele kidogo tu, ikoze. Kila mtu anatia. Na kwani si wewe uliyesema apakwe?"

"Nilisema hina. Nilikutajia rangi ya nywele mimi?"

Akageuza uso, akaendelea kuchekecha. Nikasimama pale mpaka wapita ndia wote wakajua ni kwa nini nimesimama.

Athmani naye akaja na yake. "Mama, Mungu amemzuilia."

"Mungu hatii rangi ya nywele kwenye hina, Athmani."

Malengelenge yakakauka, yakaacha maua meupe kwenye ngozi, na hayo hayatoki. Kaingu anasema kovu kavu halina neno. Kisha anasema, huenda daktari mwengine akawa na jicho jengine. Kila nikimuuliza ananipa jibu lisilofanana na la jana. Redio naifungua asubuhi na jioni, tangazo la mwaka huu, nafasi yake ya mwisho, bado halijatoka. Nabiha anakwenda Mbaraki, anarudi, alfajiri anakimbia. Juzi nilipoita tuktuk akasema, "Leo pumzika, Nyanya." Nikapanda. Hakugeuka kunitazama.

Ijumaa iliyopita tulikuwa na arusi nyengine ya jamaa. Nabiha alikwenda mikono mitupu, na hakuna aliyethubutu kumwambia kitu, maana nilikaa ubavuni mwake na mimi mikono mitupu, mimi ambaye tangu kuolewa sijakwenda arusini bila hina. Yule shangazi wa kunong'ona akanisogelea.

"Bi Maisara, kulikoni? Una msiba?"

"Ninao," nikamwambia, nimeushika mkono wa Nabiha. "Na eda yake itakwisha siku mkono huu utakapoandikwa nambari."

Akaenda, akaniletea sahani ya biriani. Nikaila. Biriani haikunikosea.