Kichujio cha Saa Ishirini na Tano

Mwaka 2023, kiangazi cha Doha kilipokuwa ndiyo kwanza kinaanza kuuma, nilikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja na miezi minne. Nilikuwa karani wa vipimo katika ofisi ya mazingira ya kampuni moja ya ujenzi huko Eneo la Viwanda, ambako sisi sote tunakuita Sanaiya. Kazi hiyo niliipata tarehe 1 Agosti 2022, baada ya kuzifagia ofisi hizo hizo kwa miaka sita kasoro mwezi mmoja na nusu.

Sikuona haya kuwa nilifagia, wala sioni haya kuwa nilisoma nikiwa mtu mzima. Cheti cha kidato cha nne nilikipokea tarehe 2 Machi 2012, majuma matatu baada ya kutimiza miaka arobaini, na darasani nilikuwa nimeketi na vijana walionisalimu kwa heshima asubuhi na kunakili hesabu zangu mchana. Aliyechelewa kujifunza kuandika huliheshimu kila jambo analoliandika. Kwa hiyo nilipopewa daftari la vipimo, nililitunza kama wengine wanavyotunza hati ya shamba.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila siku ya kazi, saa mbili asubuhi, niliwasha pampu iliyofungwa juu ya paa la bweni la tatu katika kambi ya wafanyakazi. Pampu hiyo huvuta hewa kupitia kichujio cheupe cha duara, kipana kama kisahani cha chai. Saa kumi na moja jioni, kabla basi la ofisi halijaondoka, niliizima. Kichujio nilikilaza katika kabati la kukausha kwa mchana mmoja na usiku mmoja, ili unyevu wa Ghuba usije ukahesabiwa kuwa vumbi, kisha nikakipima kwa mizani. Uzito ulioongezeka ndio uchafu uliokuwamo hewani. Niliulinganisha na jedwali la mwongozo wa kampuni, nikaandika: ndani ya kiwango. Kufikia mwisho wa Mei nilikuwa nimetia sahihi karatasi kumi za mwezi, na zote kumi zilisema hivyo.

Kaskazini mwa bweni hilo, nyuma ya ukuta mmoja tu, kilikuwapo kiwanda cha kuchanganya zege. Na ndani ya bweni hilo, pamoja na wanaume wengine, alilala shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu.

Sina budi kueleza deni langu kwa shemeji huyu. Mume wangu alifariki tarehe 14 Machi 2009. Arubaini ilipokwisha, wazee wa ukoo waliketi wakaamua kwamba mdogo wake anirithi, kama ilivyokuwa desturi. Yeye alikuwa na miaka ishirini. Alisimama mbele yao wote akasema, "Huyu alinipikia nikiwa mtoto. Ni mama yangu, si mke wangu. Mwacheni." Waliniacha, nikaenda shule. Yote niliyoyapata baadaye yalipitia katika maneno hayo.

Sasa alikuwa na miaka thelathini na minne na kikohozi kisichoondoka. Kilimwanza Novemba, mwezi aliohamishiwa bweni la tatu. Alikwenda zahanati mara mbili akapewa dawa ya maji. Nyapara wake alimwonya kwamba mkataba ungefanywa upya mwezi wa Septemba, baada ya kupimwa afya, na mwenye kifua kibovu angepandishwa ndege kurudi kwao.

"Shem, hiki si kikohozi," alinitania Ijumaa moja alipokuja kunitembelea nyumbani kwangu, mtaa wa Al Mansoura. "Ni saruji. Inajenga ghorofa humu kifuani, na mimi ndiye ninabeba mchanga."

"Usifanye mchezo na kifua."

"Si wewe ndiye unapima hewa yetu? Karatasi yako inasema niko sawa. Ama nianze kukohoa kulingana na karatasi?"

Alicheka hadi akashika ukuta. Mimi sikucheka.

Alhamisi tarehe 8 Juni basi liliondoka mapema kwa sababu ya msongamano uliotarajiwa barabarani, nami nikaondoka nalo. Kesho yake, Ijumaa, ambayo huko ndiyo siku ya mapumziko na ya ibada, nilikuwa kanisani, tumesimama kwa wimbo wa pili, nilipokumbuka kwamba sikuizima pampu. Katika miezi kumi sikuwahi kusahau hata mara moja. Niliufunga mkoba, nikawapita waumini kwa kuomba radhi, nikakodi teksi hadi Sanaiya. Nilipanda ngazi za bweni nikiwa na viatu vyangu vya ibada. Saa tatu na dakika kumi asubuhi niliizima. Ilikuwa imefanya kazi saa ishirini na tano na dakika kumi.

Kichujio kilikuwa na rangi ya jivu.

Utaratibu wa ofisi ulikuwa wazi: kipimo kilichozidi saa za kazi ni batili, na hutupwa. Nilikishika kwa koleo mkononi na pipa lilikuwa karibu. Lakini sijawahi kutupa kitu kabla ya kukipima, na kiburi hicho, kama ni kiburi, ndicho kilichonielekeza kwenye kabati la kukausha. Jumapili tarehe 11 nilikipima. Nikagawanya uzito kwa hewa yote iliyopita katika saa hizo zote. Nikarudia hesabu mara tatu. Kisha nikamwita mkuu wangu wa kazi, kijana mzaliwa wa Mombasa ambaye karatasi zangu zote zilibeba sahihi yake chini ya yangu.

"Shikamoo mamangu," alisema, akakitazama. "Hiki ni kichujio au kitambaa cha kufutia sufuria?"

"Ni hewa ya bweni la tatu. Mchana na usiku."

"Usiku? Nani aliyekutuma upime usiku?"

"Nilisahau pampu."

"Wewe? Wewe unayetuandikia hata dakika tulizochelewa chai?" Akacheka, akalisukuma pipa kwangu kwa mguu. "Haya, tupa. Msiba wa mwenzio usiutangaze, na huu ni wako mwenyewe."

"Nikikitupa, karatasi ya kumi na moja itakuwa ya uongo."

"Mamangu, jedwali lasema tuko sawa."

"Jedwali linasema hivyo kwa saa ngapi?"

Alifungua mwongozo ili animalize. Tulisoma pamoja, yeye haraka, mimi kwa kidole. Kiwango chetu kilikuwa cha zamu moja ya kazi, kilichowekwa kwa ajili ya karakana, kwa mtu mzima mwenye afya anayeingia asubuhi na kutoka jioni. Mwongozo uliandikwa wakati mahali pale palipokuwa uwanja wa kuwekea vyuma. Baadaye yakajengwa mabweni, vyuma vikahamishwa, jedwali likabaki. Nikamwomba anionyeshe kiwango cha nchi. Alikitafuta kwenye kompyuta, akakisoma kimoyomoyo, na kicheko kikafutika usoni. Kiwango cha nchi kilihesabu mchana na usiku, na kilikuwa chini sana kuliko chetu.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa letu. Wakati wa kiangazi zege halimwagwi mchana. Joto hulikausha kabla halijashika. Na hata miezi ya baridi magari ya saruji huja jua likishatua, msongamano wa barabarani ukipungua, na kiwanda hukesha. Sisi tulikuwa tukiwasha pampu kiwanda kinapolala, na kuizima kinapoamka. Tulipima hewa ya vitanda vitupu, kwa maana wanaume walikuwa kazini, kisha wakarudi kuvuta ile tusiyoipima.

"Tumekwisha," alisema mkuu wangu. "Sahihi yangu iko pale mara kumi."

"Yangu pia, na iko juu ya yako."

"Una uhakika unataka kulipeleka jambo hili kwa meneja? Wewe ulitoka kwenye ufagio mwaka jana tu."

Nilimjibu kwamba ufagio ninaujua na haunitishi. Sikusema ukweli wote. Ulinitisha. Usiku ule sikula, na si kwa sababu ya kazi peke yake. Niliwaza kwamba kwa miezi minane shemeji yangu alikohoa ndani ya chumba nilichokitilia sahihi.

Tarehe 12 Juni niliandika maelezo kwa mkono wangu, kurasa mbili, nikataja kusahau kwangu katika sentensi ya kwanza. Mkuu wangu aliyasoma, akavuta pumzi, akatia sahihi chini. Meneja wa mazingira, mwanamke wa makamo kutoka Sudani aliyezoea kusikiliza bila kuinua macho, aliinua macho.

"Hii ni nchi ya jangwa," alisema. "Upepo wa shamali unavuma. Nitajuaje kwamba si mchanga wa Mungu?"

Nilimwambia kwamba kwa kichujio kimoja siwezi kujua.

"Basi isahau tena hiyo pampu," alisema. "Siku kumi na nne mfululizo, mchana na usiku. Kisha urudi."

Nilianza Jumapili tarehe 18 Juni. Kila asubuhi nilibadilisha kichujio, na kila asubuhi kilikuwa cha kijivu. Shamali ilivuma karibu siku zote hizo, na nilianza kuogopa kwamba meneja alikuwa na haki. Kisha tarehe 28 ikaja Idi ya kuchinja. Kiwanda kilifungwa siku tatu. Upepo haukufungwa; siku ya pili ya Idi ulivuma hata vumbi likaniingia menoni nikiwa juu ya paa. Nilikitoa kichujio nikitarajia jivu. Kilikuwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa majani machache ya chai. Mkuu wangu, aliyekuja kazini na kanzu yake ya Idi ili anisaidie, alikinyanyua kwenye mwanga.

"Mchanga wa Mungu ndio huu," alisema polepole. "Ule mwingine ni wetu."

Meneja alivipanga vichujio kumi na vinne juu ya meza yake kama mtu anayepanga ushahidi, vitatu vyeupe katikati ya vile vya kijivu, na hakuuliza swali la pili. Jumapili tarehe 9 Julai wanaume wa bweni la tatu walihamishiwa bweni la sita, kusini kabisa. Shemeji aliniambia kwamba walibeba magodoro wakiimba kama watu wa harusi.

Wengine wangefikiri jambo lilikuwa limekwisha. Mimi sikufikiri hivyo. Kuhamishwa kulikuwa hisani ya meneja, na mwongozo ulikuwa bado ule ule. Wafanyakazi wapya walitarajiwa Oktoba, vitanda vya bweni la tatu bado vilikuwamo, na kwa jedwali lile chumba kile kilikuwa kizuri kabisa. Ningeweza kuamriwa kuwasha pampu saa mbili na kuizima saa kumi na moja, na shemeji yangu angeweza kurudishwa kitanda kile kile kwa amri ya nyapara. Julai yote na Agosti yote kamati iliyoundwa ofisini kuurekebisha mwongozo ilijadiliana. Mkuu wangu aliandika upya jedwali mara nne. Kikohozi cha shemeji kilipungua, kikawa cha asubuhi tu, kisha kikawa cha siku mojamoja. Tarehe 5 Septemba alipimwa afya. Daktari aliandika kwamba kifua kiko safi, na mkataba wake ukafanywa upya.

Jumanne tarehe 12 Septemba 2023, saa tano na robo asubuhi, mwongozo mpya ulitiwa sahihi. Sentensi niliyoingoja ilikuwa fupi: mahali popote watu wanapolala, kiwango cha kampuni ni kiwango cha nchi, na hewa hupimwa mchana na usiku; jengo lisilotimiza kiwango hicho halilaliwi. Meneja alitia sahihi, kisha mkuu wangu, kisha akanisogezea kalamu.

"Mwandishi wa vipimo," alisema. "Weka na tarehe, najua bila hiyo hutalala."

Niliiweka tarehe.

Nilitoka kwenye ukumbi nikampigia shemeji. Ilikuwa bado miezi ya joto, ambayo sheria huwapumzisha wafanyakazi wa nje kuanzia saa nne asubuhi hadi alasiri, kwa hiyo nilijua yuko kivulini.

"Imetiwa sahihi," nilisema.

"Kwa hiyo nyapara akitaka kunirudisha kule?"

"Hawezi. Hakuna atakayelala kule."

Nilimsikia akivuta pumzi ndefu, ikaingia yote na ikatoka yote, bila kukwama popote.

"Shem," alisema, "umekula?"

Nikamwambia sijala, na kwamba sasa naenda kula.